Chungu cha Mtori: Mapishi ya Nyumbani na Urafiki wa Akina Mama katika Sharika za Kilimanjaro

Vitabu vya kumbukumbu za sharika vina utaratibu wake uliozoeleka. Huanza na wamisionari waliofika kwanza, wakafuata wachungaji na wainjilisti kwa majina yao na miaka yao ya utumishi, kisha jengo la kanisa, kengele, kwaya, shule na zahanati. Akina mama hutengewa ukurasa mmoja, mara nyingi wenye picha yao wakiwa katika sare ya vitenge, pamoja na maelezo mafupi kwamba walijitoa kwa hali na mali katika mapishi na usafi wa kanisa. Maelezo hayo si ya uongo, ila yameacha nje sehemu kubwa ya habari. Chakula walichopika akina mama wa sharika za Kilimanjaro kina historia yenye mwanzo, mabadiliko na nyakati za majaribu. Sehemu kubwa ya historia hiyo inaonekana katika chungu kimoja, chungu cha mtori, na katika swali ambalo rafiki humwuliza rafiki yake akishaonja: Huu umeupikaje?

Chakula cha kihamba

Mtori ni supu nzito ya ndizi mbichi zilizochemshwa pamoja na nyama, kisha zikapondwa hadi kulainika. Hauhitaji meno wala viungo vya dukani, na mtu aliyelala kitandani anaweza kuunywa kwa kikombe. Ndiyo maana tangu zamani ulihesabiwa kuwa chakula cha mzazi, cha mgonjwa na cha mzee, ingawa ni vigumu kumpata kijana wa mlimani aliyewahi kuukataa kwa sababu yeye si mmoja wa hao watatu.

Chimbuko lake ni kihamba, yaani shamba linaloizunguka nyumba ya Mchaga. Migomba hutoa kivuli, chini yake hustawi maharage na magimbi, ng'ombe hukaa zizini wakiletewa majani, na samadi yao hurudi kwenye mashina ya migomba. Maji hushuka kwa mifereji iliyochimbwa na mababu. Johannes Rebmann, mmisionari Mjerumani aliyetumwa na chama cha CMS cha Uingereza, alipofika Kilimanjaro mwezi Mei 1848, alikuta nchi ambayo migomba ilikuwa imekwisha kuifunika. Kahawa ilikuja baadaye, mwishoni mwa karne ya 19, ikapandwa chini ya migomba ileile. Ilipoanza kuleta fedha ikawa mali ya baba, na vyama vyake vikawa vya akina baba: KNPA kilichoanzishwa mwaka 1925, na KNCU kilichochukua nafasi yake mwanzoni mwa miaka ya 1930. Ndizi zilibaki mikononi mwa mama. Yeye ndiye aliyejua mkungu upi umekomaa, upi upelekwe sokoni na upi ubaki wa nyumbani, na jambo hili ni muhimu kwa habari zinazofuata, kwa kuwa mtu hawezi kumgawia mwenzake kitu asichokuwa na mamlaka juu yake.

Si kila ndizi hufaa kwa mtori. Ndizi za pombe zina ukakasi, kisukari ni ya kuliwa ikiiva, na mzuzu hupendeza zaidi ikikaangwa au kuchomwa. Inayosifiwa kuliko zote ni mshare, ndizi nyembamba inayoiva upesi chunguni na kupondeka bila kuacha mabonge. Ndugu za mtori ni wengi. Kiburu ni ndizi na maharage vilivyopikwa pamoja na kupondwa, na wako watiao magadi kidogo. Machalari ni ndizi na nyama zisizopondwa, zikiachwa na mchuzi wake. Kitawa ni ndizi zilizopondwa zikachanganywa na maziwa ya mgando. Majina na namna za vyakula hivi hubadilika kutoka Machame hadi Rombo, na mwenye kudai kwamba vya kwao ndivyo vya asili hupata wapinzani kabla hajamaliza sentensi.

Kutoka kwa mama mkwe hadi kwa rafiki

Kwa desturi ya Wachaga, mwanamke aliyeolewa aliondoka kwao akaenda kuishi katika ukoo wa mumewe. Alipojifungua, aliyemlea hakuwa mama yake mzazi bali mama mkwe. Mzazi alikaa ndani muda wa miezi ipatayo mitatu, asichote maji wala asikate majani ya ng'ombe, akilishwa vyakula vya kumrudishia damu na kumwongezea maziwa. Baada ya hapo alitoka akiwa amepambwa, akaenda sokoni kuonekana na watu, na heshima aliyopewa siku hiyo ilikuwa kama ya askari aliyerudi salama kutoka vitani.

Utaratibu huo ulikuwa na hekima ambayo hospitali nyingi za leo zingeitamani, lakini ulikuwa na upungufu wake. Mambo yote yalimtegemea mtu mmoja. Ikiwa mama mkwe amefariki, au ni mgonjwa, au wawili hao hawaelewani, mzazi alibaki na mume asiyejua kumenya ndizi na majirani waliosubiri kuona ukoo utafanya nini. Ujuzi wa kupika nao ulibaki ndani ya ukoo. Mtori wa nyumba fulani ulikuwa wa nyumba hiyo, na binti aliyeletwa kutoka kwingine alijifunza upya, wakati mwingine kwa machozi.

Wamisionari wa Leipzig walifika Machame mwaka 1893 wakaanza kituo chao Nkwarungo. Mwaka uliofuata walifungua Mamba, na mwaka 1896 Old Moshi. Darasa la ubatizo, na baadaye ibada ya Jumapili ambako wanawake walikaa upande wao na wanaume upande wao, viliwaweka pamoja wanawake wa koo nyingi, wengi wao wakiwa wake vijana walio mbali na mama zao. Itakuwa si haki kudai kwamba Kanisa ndilo lililozaa urafiki wao. Masoko ya Uchagani yalikuwa ya wanawake tangu zamani, na sokoni mtu aliweza kuuliza habari za chungu cha mwenzake bila kuomba ruhusa ya ukoo wowote. Kilicholetwa na usharika ni wajibu. Rafiki wa sokoni angeweza kumwuliza mwenzake hali. Dada katika Kristo alipaswa kwenda kumwona. Kwa hiyo, kadiri usharika ulivyokua, lilizoeleka jambo ambalo bibi zao wangelishangaa: mwanamke asiye wa ukoo anaingia katika nyumba ya mzazi, amebeba chungu, na mama mkwe anampokea.

Bruno Gutmann, aliyefanya kazi Uchagani kwa vipindi kati ya mwaka 1902 na 1938, hasa Old Moshi, alitaka usharika usimame juu ya mafungamano ambayo watu walikuwa nayo tayari, yaani ukoo, ujirani na rika. Kitabu chake kikubwa juu ya sheria za Wachaga kilichapishwa mwaka 1926, na msomaji wake hawezi kukosa kuona jinsi alivyosikiliza kwa makini. Hata hivyo urafiki wa akina mama hauingii vizuri katika lolote kati ya mafungamano hayo matatu. Unafanana na ujirani, lakini rafiki wa kweli angeweza kuwa ng'ambo ya korongo. Unafanana na rika, lakini bikizee aliyemfundisha msichana wa miaka 18 kupika mtori wa mzazi hakuwa rika lake. Pengine ni kwa sababu hiyo wanazuoni wameuandika kidogo. Wamisionari Wajerumani walipoondolewa nchini mwaka 1920, na sharika zikaachwa mikononi mwa walimu na wazee wenyeji, mafungamano haya yasiyoandikwa hayakuondolewa pamoja nao.

Namna ya kupika, na ubishi wake

Mtori wa watu sita huhitaji kilo moja ya nyama ya mbavu au kidari yenye mifupa, ndizi mshare 12 hadi 15, kitunguu kikubwa kimoja, kikombe cha maziwa, kijiko cha samli au siagi, na chumvi. Nyama hutangulia. Huchemshwa peke yake na chumvi na kitunguu hadi iwe laini kabisa, kwa sababu ndizi haziingoji. Mikono hupakwa mafuta kabla ya kumenya, la sivyo utomvu huganda na kuacha weusi usiotoka kwa siku kadhaa. Ndizi zilizomenywa hutumbukizwa katika maji baridi zisigeuke rangi, kisha hukatwa vipande na kutiwa katika supu. Zikiiva, nyama huopolewa, ndizi hupondwa mlemle chunguni kwa mwiko au kipekecho, na nyama iliyotolewa mifupa hurudishwa. Maziwa na samli huja mwisho, moto ukiwa umepunguzwa.

Hayo ndiyo yanayokubaliwa na wote, na yaliyobaki ni ubishi. Wako wanaopasua kila ndizi na kuondoa moyo wake ili mtori uwe mweupe, na wako wanaosema huko ni kupoteza chakula. Wako wanaotia karoti na viazi, jambo ambalo wazee wa mlimani hulivumilia kwa mgeni lakini si kwa mkwe. Uzito wake nao hauna kipimo kimoja: wa mgonjwa huwa mwepesi, wa mzazi mzito kidogo na wenye mafuta, wa mtu mzima mwenye afya husimamisha kijiko. Nyama yenyewe haikuwapo siku zote. Zamani mnyama alipochinjwa, kila kiungo kilikuwa na mwenyewe kwa kanuni za ukoo, na mtori wa siku za kawaida ulipikwa kwa maziwa na samli tu. Baada ya fedha ya kahawa kuingia na mabucha kufunguliwa, nyama ikaanza kununuliwa kwa ratili, na ndipo mtori wenye nyama ukaweza kupikwa hata na asiye na haki ya fungu lolote.

Mapishi haya yalipitishwa kwa njia mbili. Ya kwanza ni chungu chenyewe. Kwa adabu, chombo cha mwenzako hakirudishwi kitupu, na pamoja na mayai au maharage kilichorudi nayo, lilirudi pia swali. Njia ya pili ni mnada. Baada ya ibada, sadaka zilizoletwa kwa mali badala ya fedha, kama mikungu ya ndizi, mayai, kuku na maziwa, hupigwa mnada nje ya kanisa, na washarika hushindana kuzinunua ili fedha iingie hazinani. Kwa mtazamaji, mnada ni shughuli ya fedha. Kwa mama aliyenunua mkungu asioujua, ni nafasi ya kumtafuta aliyeuleta na kumwuliza unapikwaje, na mazungumzo yaliyoanza penye mikungu yaliweza kuendelea hadi jua linapokaribia kuzama.

Shuleni na zahanati

Wake za wamisionari na masista waliwafundisha wasichana kushona, kufua, kupiga pasi na kupika. Baadaye somo hilo likaitwa sayansi kimu, likiwa na vipimo vya vikombe na vijiko. Kutoka huko zilienea keki zilizookwa kwa mkaa juu na chini ya sufuria, na chai na mkate vikapata heshima ya chakula cha mgeni. Ulikuwapo wakati ambapo familia iliyotembelewa na mchungaji iliona haya kumwekea mtori, ikatuma mtoto dukani kutafuta mkate wa jana. Haya hiyo ilitoweka polepole, na si kosa kusema kwamba wachungaji wenyewe waliisaidia kutoweka kwa kuuliza kama hakuna ndizi.

Hata hivyo si kila kilichofundishwa na wageni kilikuwa cha kupuuzwa. Otto Raum, mwana wa mmisionari wa Leipzig, katika kitabu chake juu ya utoto wa Wachaga kilichochapishwa mwaka 1940, alieleza kwa undani malezi ya watoto wachanga. Desturi ya kumwanzishia mtoto ndizi laini akiwa bado mchanga sana ilikuwa imeenea, na wauguzi wa kliniki walipambana nayo kwa miaka mingi. Leo mafundisho ya afya yanasema maziwa ya mama peke yake kwa miezi sita, kisha ndipo mtori mwepesi uanze. Mabibi wengi waliona hilo kuwa ni kumnyima mtoto chakula. Waliobadilika mara nyingi walibadilika baada ya kusikia jambo hilo kwa rafiki mwenye wajukuu wanene, ambaye neno lake lilikuwa na uzito kuliko bango la kliniki.

Sharika zinachanganyika

Mwezi Novemba 1955 Marangu ilipokea mkutano wa Walutheri wa Afrika nzima, nao umeandikwa katika historia kwa maazimio yake. Wajumbe wa mkutano wa siku nyingi hula mara tatu kwa siku, lakini waandishi wa maazimio hawahesabu vyungu. Tarehe 19 Juni 1963 makanisa ya Kilutheri nchini yaliungana kuwa KKKT, na kuanzia hapo uhamisho wa walimu, wauguzi, wainjilisti na wake za wachungaji kutoka dayosisi moja kwenda nyingine ulizidi kuchanganya majiko. Mama kutoka Bukoba alileta desturi ya kufunika ndizi kwa majani ya mgomba zikaiva kwa mvuke, na mazoea ya kula ndizi na maharage yasiyopondwa. Wapare walileta makande yanayokaa motoni tangu asubuhi. Kutoka Meru na Arusha kulikuja loshoro, mahindi yaliyokobolewa yakachanganywa na maziwa ya mgando, chakula ambacho Mchaga aliyezoea kitawa hukielewa mara moja bila kufafanuliwa.

Hospitali ya KCMC ilipofunguliwa mjini Moshi mwaka 1971, wagonjwa wakaanza kuletwa kutoka mikoa ya mbali ambako mtori ulikuwa haujulikani. Katika wodi kitanda cha Mchaga kilitambulika kwa chupa ya chai isiyokuwa na chai. Mtori ulibebwa humo, ukafika moto, na jirani wa kitandani asiye na ndugu karibu akamiminiwa kikombe. Wengi waliorudi kwao Singida au Tabora walirudi na jina la chakula hicho na maelezo ya upishi waliyopewa na mama waliyekutana naye mara moja tu maishani. Haiwezekani kupima ni kwa kiasi gani njia hii ilieneza mtori nchini, kwa kuwa wafanyabiashara wa Kichaga na migahawa yao nao walifanya kazi yao. Lakini mgahawa huuza mtori bila kufundisha kuupika, na mtu aliyefundishwa katika wodi aliweza kuupika mwenyewe.

Miaka ya njaa na miaka ya hofu

Ukame wa mwaka 1973 na 1974 uliipata nchi ikiwa katika mabadiliko makubwa, na mahindi yakaagizwa kutoka nje. Unga wake ulikuwa wa njano, watani wakauita unga wa Yanga. Mwaka 1973 taifa lilikuwa limefanya kampeni ya Mtu ni Afya kwa njia ya redio na vikundi vya kusikiliza, na mwaka 1975 ikafuata ya Chakula ni Uhai. Katika sharika za mlimani vikundi hivyo vilikutana na umoja wa akina mama ambao tayari ulikuwa na mazoea ya kuulizana mapishi, na wakati mwingine watu walikuwa walewale. Miaka michache baadaye, baada ya vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979, sukari, sabuni na mafuta ya kupikia vikawa vitu vya kupanga foleni, na foleni ikawa ndefu hadi katikati ya miaka ya 1980. Hapo ndipo upishi wa mabibi ulipothibitisha thamani yake. Mtori wa maziwa usiohitaji mafuta ya dukani, ambao vijana walikuwa wamekwisha kuuona kuwa wa kimaskini, uliulizwa tena, na waliokuwa bado wanaukumbuka wakawa walimu. Kihamba hakikuwashibisha wote. Wenye vihamba vidogo waliteseka, na walioishi tambarare waliteseka zaidi. Mikungu iliyoshushwa kwa jamaa na marafiki wa mabondeni katika miaka hiyo ni msaada ambao haukupita katika daftari la mtunza hazina yeyote.

Lililofuata lilikuwa gumu zaidi. Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa mkoani Kagera, na kabla mwongo huo haujaisha ugonjwa ulikuwa umefika katika nyumba za mlimani. Vijana waliokwenda mijini kwa kazi na biashara walirudishwa kwao wakiwa wamekonda, wengine wakiwa na vidonda vya kinywa visivyoruhusu chakula kigumu. Ugonjwa haukutajwa kwa jina. Watu walikwepa kuingia, na walioingia walikwepa kunywa maji. Mahubiri ya wakati huo hayakusaidia siku zote. Mengine yalizungumza juu ya adhabu kwa namna iliyowafungia wagonjwa mlango. Katika hali hiyo palikuwa na akina mama waliorudia jambo walilolijua. Walipika mtori mwepesi, usio na pilipili, uliopoa kidogo ili usiunguze vidonda, wakaupeleka. Baadhi walikaa wakaunywa pamoja na mgonjwa kutoka chungu kilekile, watu wa nyumbani wakiwatazama.

Tendo hilo lilifundisha nyumba nyingi kuliko semina. Mama mwenye mwana mgonjwa, ambaye kwa miezi hakutembelewa na yeyote, alipata pia mtu wa kumwambia jinsi ya kupunguza chumvi, jinsi ya kuongeza maziwa bila kumtapisha mgonjwa, na kwamba afadhali kikombe nusu mara sita kuliko bakuli moja lililokataliwa. Katika miaka hiyo, kabla dawa za kupunguza makali hazijaanza kutolewa bila malipo nchini kuanzia mwaka 2004, mtori haukumponya mtu. Ulimpa nguvu ya siku chache, wakati mwingine wiki chache, na ulimfanya afe akiwa amelishwa. Wengi wa waliobeba vyungu hivyo hawakuwa viongozi wa kikundi chochote, na majina yao hayamo katika orodha za wajumbe. Ikiwa kuna jambo moja ambalo kumbukumbu za sharika zimelitendea isivyo haki, ni hili.

Mshare na daftari

Leo hatari imehamia kwenye shina lenyewe. Vihamba vimegawanywa kwa wana na wajukuu hadi vingine havitoshi nyumba na migomba kwa pamoja, na ng'ombe wa maziwa amekuwa wa wachache. Kibaya zaidi ni mnyauko wa migomba unaoletwa na kuvu aishiye udongoni, na mshare ni miongoni mwa ndizi zinazoshambuliwa. Majani hugeuka njano kuanzia yale ya chini, huvunjika na kuning'inia, na shina likikatwa huonekana lina mistari ya kahawia. Kuvu huyo hukaa ardhini miaka mingi, kwa hiyo kupanda tena mshare palepale ni kazi bure. Watafiti wa ndizi walioko Tengeru na kwingineko wanatafuta mbegu zinazostahimili. Wakati huohuo ushauri ni kutochukua machipukizi katika shamba lenye ugonjwa na kusafisha jembe kabla ya kuingia shamba jingine. Hapo urafiki wa zamani umekuwa na upande wa pili usiotarajiwa. Chipukizi la mshare lilikuwa zawadi ya heshima kwa rafiki aliyesifu mtori, na zawadi hiyo sasa inaweza kubeba ugonjwa kutoka kihamba kimoja hadi kingine. Baadhi ya akina mama wameacha kugawa machipukizi, wanagawa mkungu ulio tayari kupikwa.

Wajukuu wao wako Dar es Salaam, Mwanza, Dodoma na nje ya nchi. Ndizi zao wanazipata katika masoko kama Mabibo, ambako malori hushusha mikungu ya Moshi, Bukoba na Tukuyu pamoja, na mshare halisi haupatikani kila siku. Wamejifunza kutumia ndizi Bukoba, wakiiongezea kiazi kimoja ili supu ishikamane, na wengi husaga kwa mashine badala ya kuponda. Wazee husema mtori uliosagwa huvutika kama gundi, na katika hili wazee wana haki: ukisagwa ukiwa moto kwa muda mrefu hupoteza chembechembe zake ndogo na kunata ulimini.

Vijana hao sasa wanayaandika mapishi. Madaftari yao yana kilo, vikombe na dakika, mambo ambayo bibi hakuyatumia kamwe. Anayejaribu kuandika kutoka kinywani mwa bibi hugundua upesi kwamba maelezo yake yamejaa maneno kama maji kiasi, ndizi za kutosha, na uache hadi ukohoe. Neno hilo la mwisho lina maana kamili kwa aliyewahi kusimama karibu na chungu: mtori ukifikia uzito wake, mapovu hupasuka moja moja kwa sauti nzito, kama kifua cha mzee. Lakini halina dakika. Kwa hiyo mapishi yaliyoandikwa huambatana na simu. Msichana aliye mbali, mgeni wa uzazi au mwenye mgonjwa ndani, huwasha jiko na kumpigia mama yake, au rafiki wa mama yake ikiwa mama hayupo tena, na kuiweka simu karibu na sufuria ili yule aliye mlimani asikie. Jibu la kwanza huwa lilelile: moto upunguzwe, na maziwa yasitiwe bado.